Mchinjaji na Sungura wa Shamimu

Zubery Tamimu alipata kazi ya machinjioni siku ile fahali alipombana mchinjaji Jotham ukutani na kumpasua tumbo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na alifika pale kuchukua ngozi za baba yake, mzee Tamimu, fundi wa makubadhi wa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu. Watu wote walikuwa wamekwisha kuparamia ukuta. Fahali alikata kamba, kipande chake kikawa kinaburuzika shingoni, na kila alipotikisa kichwa Jotham alitikisika naye kama shuka iliyoanikwa penye upepo. Zubery alitupa ngozi chini, akaruka, akashika pembe zote mbili, akamvuta mnyama yule kwa uzito wake wote mpaka wakaanguka pamoja kwenye tope la damu na mavi.

Lililofuata ndilo waliokuwa juu ya ukuta walilolisimulia kwa miaka mingi. Zubery alivua shati, akamfunika fahali macho, akamlalia shingoni, akaanza kumnong'oneza sikioni. Hakuna aliyesikia alichokisema. Pumzi za mnyama zilizokuwa zikivuma kama mivukuto zilipungua kidogo kidogo, miguu ikaacha kupiga, shingo ikalegea. Hapo Zubery aliinua mkono kumwita mchinjaji mzee, ambaye wote walimwita Maalimu, naye akashuka na kisu chake. Fahali alikufa ametulia. Jotham alikufa kabla ya kufikishwa hospitali. Kesho yake asubuhi Zubery aliitwa, akapewa buti za mpira za marehemu, akaanza kazi.

Ukali hakuuanza yeye. Mzee Tamimu, ambaye baba yake alifika Rungwe kutoka Kilwa akifuata biashara ya ngozi, alikuwa akikata soli kwa matairi ya magari, na ukanda wa mpira uliobaki ndio uliokuwa fimbo ya nyumba. Aliwapiga wanawe kwa kuchelewa, akawapiga kwa kuwahi, akawapiga kwa kulia na kwa kunyamaza. Siku moja Zubery alipigwa mpaka akazirai, na alipozinduka alimkuta baba yake ameketi palepale, anashona kiatu cha mteja, anapiga mluzi. Sikio la kushoto halikusikia kitu mwezi mzima. Alichojifunza mtoto yule hakikuwa kwamba kupiga ni kubaya. Alijifunza kwamba anayepiga ndiye asiyepigwa.

Maalimu alimfundisha kazi kwa miaka mitatu. Mnyama asionyeshwe kisu. Asichinjwe mbele ya mwenzake. Ashikwe kwa upole, asemeshwe, afunikwe macho akihangaika. Na la mwisho, alilolirudia kila mara alipokuwa akinoa: usichinje ukiwa na hasira, kwa sababu mkono wenye hasira hausemi Bismillahi, unataja jina lako wewe. Zubery aliyashika yote hayo. Ng'ombe aliyewashinda watu wanne alitulia mikononi mwake. Lakini upole ule aliuacha kulekule machinjioni, akautundika msumarini pamoja na aproni. Mtaani walimjua kwa jambo jingine. Walimjua kwa taya la Fred, dereva wa bodaboda aliyemrushia maji ya dimbwi bahati mbaya siku ya mvua, akapigwa ngumi moja tu na kula uji kwa mrija wiki sita.

Mkewe alikuwa Nasma, fundi cherehani, mzaliwa wa Mbeya, mwanamke mwembamba mwenye kauli chache. Kofi la kwanza alilipata wiki ya tatu baada ya harusi, kwa sababu ya chumvi. Alikwenda kwao mara mbili, na mara mbili wazee walimrudisha wakimwambia avumilie, mume ni mume. Akavumilia. Alijifunza kushona nguo zenye mikono mirefu, akavaa hata siku za jua. Wakapata mtoto mmoja, Shamimu, na mtoto yule akakua na akili ya ajabu ya masikio. Akiwa na miaka minane aliweza kujua, kwa mlio wa buti za baba yake kwenye changarawe, kama siku ile ni ya kukaa ndani au ya kutokea mlango wa nyuma.

Sungura alikuja kwa njia ya kushona. Bi Esnath, mkulima wa Lufingo aliyefuga sungura nyuma ya migomba yake, aliletewa na Nasma sare za kwaya zikiwa zimeshonwa vizuri kuliko alivyotarajia, naye kwa furaha akampa Shamimu sungura jike wa kijivu. Shamimu alimwita Kibibi, kwa kuwa mdomo wake haukuacha kutafuna, kama bibi wa zamani mwenye tambuu. Alimlaza kwenye boksi chini ya kitanda chake, akamlisha matembele, akamsimulia habari za shule. Kibibi naye alikuwa na masikio. Buti zikilia getini, alipiga miguu ya nyuma sakafuni, puu, puu, na Shamimu akajua hata kabla hajasikia mwenyewe.

Zubery hakumjali sungura yule. Alimwona kama kitoweo kilichochelewa.

Ikawa asubuhi moja ya Aprili, katika mvua zile za Tukuyu zinazonyesha wiki nzima bila kupumua, ng'ombe alimponyoka Zubery. Kamba ililoa ikateleza, mnyama akatoka mbio mpaka barabara kuu, na yeye nyuma yake, buti moja ikabaki kwenye tope, akaanguka kifudifudi mbele ya watu wa stendi. Walicheka. Vijana walitoa simu wakamrekodi. Ng'ombe alikamatwa, akachinjwa na mtu mwingine, na kabla ya saa tatu video ilikuwa imekwisha kuzunguka katika makundi ya mji mzima. Kila aliyekutana naye njiani alimpa pole huku amebana midomo.

Alifika nyumbani saa nne. Nasma alikuwa ameketi kwenye cherehani, simu mkononi, anatabasamu. Dada yake wa Mbeya alikuwa amemtumia sauti ya kichanga chake anavyocheka. Alikuwa hata hajaiona hiyo video. Lakini Zubery aliona simu, akaona tabasamu, basi.

Aliinyakua simu akaipasua kwenye sakafu ya saruji. Nasma alisema hakuwa akimcheka yeye. Kofi likamzungusha, akaanguka juu ya cherehani, sindano ikamchana kiganja. Alipojaribu kuinuka Zubery alimpiga teke la ubavuni. Akamburuta kwa gauni mpaka katikati ya chumba, akampiga ngumi za mgongo, akimwuliza nani mwingine anayo, nani mwingine amemtumia. Nasma alijikunja kulinda kichwa. Zubery akashika kigoda. Nasma aliinua mkono wa kulia kujikinga, na kigoda kikatua katikati ya kiwiko na kiganja. Mfupa ulilia. Zubery aliujua mlio ule vizuri kwa kazi yake, na hata hivyo akainua kigoda mara ya pili, akapiga palepale.

Ndipo akasikia ukelele. Haukuwa wa Nasma. Ulikuwa mwembamba, mkali, mrefu, ukelele wa mtoto mchanga anayechinjwa. Alidhani ni Shamimu. Akageuka.

Shamimu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, mgongo ukutani, hana sauti kabisa. Mikono yake ilikuwa bado imepinda kifuani kama anayebeba kitu. Alikuwa amembeba Kibibi. Sungura aliruka kutoka mikononi mwake kwa kishindo cha kigoda, akajigonga ukutani, akaingia chini ya kitanda, na huko ndiko alikokuwa akilia. Shamimu alimtazama baba yake bila kupepesa. Zubery aliwahi kuona macho kama yale, mara mamia, lakini hayakuwahi kuwa ya mtu.

Kigoda kilimwanguka mkononi. Jirani yao Ikupa na wanawake wengine wawili walikuwa wamekwisha kuingia. Walimwinua Nasma, wakaufunga mkono wake kwa kanga, na hakuna hata mmoja aliyemsemesha Zubery. Ikupa alimshika Shamimu bega, akamwambia twende. Mtoto alikataa kusogea. Alikuwa akitazama chini ya kitanda. Wanawake walijaribu kumtoa sungura, akawaponyoka, akajibana kwenye kona wasikofika. Mvua ilikuwa ikipiga bati, Nasma alikuwa akitetemeka, hapakuwa na muda. Shamimu akavutwa. Mlangoni aligeuka, akasema maneno pekee aliyoyasema siku ile yote.

"Baba, usimvute kwa masikio."

Nasma alipelekwa hospitali, na jioni kaka yake Hasheem, fundi wa magari, akaja na gari akamchukua yeye na mtoto kwenda Mbeya.

Zubery alibaki. Alikaa kitandani mwa Shamimu mpaka giza lilipokaribia, chini yake mnyama yule akipumua kwa kasi. Alimwekea matembele, hakuyagusa. Akamwita, akazidi kujibana. Ndipo Zubery akapandwa na hasira nyingine, hasira ya kushindwa na kitu cha uzito wa kilo mbili, akainama, akanyosha mkono, akamshika masikio akamvuta.

Kibibi alipiga mateke kama aliyepagawa. Kucha za nyuma zilimchana Zubery kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, mistari minne, damu ikachirizika. Akamkandamiza sakafuni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukaenda wenyewe kiunoni, kwa mazoea ya miaka kumi na minane, ukatoa kisu. Alikuwa amemweka vizuri. Shingo ilikuwa wazi. Dakika moja tu, asubuhi angemla, na mambo yangekwisha.

Chini ya kiganja chake moyo wa sungura ulikuwa ukienda mbio mno hata haukuwa mapigo tena, ulikuwa mtetemo tu. Alikuwa ameshika wanyama wengi wakiwa katika pumzi zao za mwisho, lakini wote hao alikuwa amewatuliza kwanza. Huyu alikuwa anakufa mkononi mwake kwa woga, kisu hakijamgusa. Zubery alifungua mdomo kusema Bismillahi. Haikutoka. Alijaribu tena. Mwishowe aliondoa mkono, na sungura akatambaa kurudi kwenye kona yake, akavuta mguu mmoja.

Asubuhi hakwenda kazini. Alipanda bodaboda kwenda Lufingo.

Bi Esnath alikuwa akipalilia maharage kando ya migomba. Alipomwona aliegemea jembe, akaitikia shikamoo yake kwa kichwa tu. Habari zilikwisha kufika. Mmoja wa wale wanawake alikuwa wa kanisani kwake. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wa vilimani, kinachokwepa herufi zisizopatikana katika Kinyakyusa.

"Subeli," alisema, "mkono wa mkeo umevunjika mahali pawili."

Zubery alitazama chini. Akasema amekuja kwa ajili ya sungura, hataki kula, na Shamimu hayupo.

Bi Esnath hakumkaribisha ndani. Alizitazama zile alama nne za kucha mkononi mwake, kisha akamwonyesha gogo, yeye akabaki amesimama. Alimweleza kwamba sungura asipokula siku mbili tumbo lake husimama, na likisimama hafiki ya tatu. Alimweleza kwamba anaweza kuvunja uti wake wa mgongo mwenyewe kwa kupiga mateke hewani, kwa hiyo akibebwa ni lazima miguu ya nyuma ishikiliwe, isining'inie. Akamwuliza alimtoaje. Zubery alisema kweli. Bi Esnath alitema mate pembeni.

Halafu akamfundisha. Akae sakafuni, sio kitandani, kwa sababu kila kitu kinachomtazama sungura kutoka juu kwake ni mwewe. Asimtazame usoni. Asimfuate, asinyoshe mkono. Aweke majani karibu na goti lake, akae, hata ikichukua siku nzima. Sungura akija mwenyewe, amfunike kwa kitambaa chenye harufu ya mtu anayemjua, amwingize kichwa kwapani penye giza, amshike miguu ya nyuma kwa kiganja, kisha apumue taratibu.

"Nitamwambia nini?" Zubery aliuliza. "Ng'ombe mimi huwasemesha."

"Usimwambie kitu. Wewe umesoea kuwadanganya." Bi Esnath akachukua jembe lake. "Huyu atausikilisa moyo wako. Ukienda mbio, na wake utakwenda mbio. Kwa hiyo tulia wewe kwansa."

Zubery alirudi nyumbani kwake Bulyaga na fungu la majani. Alivua buti akaziacha nje kwenye mvua. Alichukua kanga ya Shamimu kutoka kwenye kamba, akaketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, majani pembeni ya goti, akatazama ukuta.

Haikuwahi kutokea maishani mwake akae hivyo. Saa ya kwanza miguu ilikufa ganzi. Saa ya pili akaanza kuona mambo asiyoyaita. Aliona mkono wa Nasma ukiinuka. Akaona ukanda wa mpira, na yeye mwenyewe chini ya meza ya baba yake, amejibana kwenye kona, anahesabu hatua za buti. Kila mawazo yalipomchoma, alisikia nyuma yake kucha zikikwaruza saruji, sungura akirudi kinyumenyume. Akaelewa kwamba Bi Esnath hakuwa amesema mafumbo. Alianza kupumua kwa kukusudia, kuvuta, kuachia. Siku ile ikaisha hivyo. Alisogea kuswali, akala ugali wa jana, akarudi palepale. Alfajiri ya pili alikuta jani moja limeng'atwa pembeni, akalishika lile jani akalitazama kama barua.

Siku ya tatu, mchana, baada ya adhuhuri, Kibibi alitoka. Alitoka kwa kujivuta, mguu mmoja ukisita, akanusa goti la suruali, akaganda, akanusa tena. Alikula jani moja, kisha la pili. Zubery alimteremshia kanga juu, taratibu, akamkusanya, akamwingiza kichwa kwapani, miguu ya nyuma ndani ya kiganja. Mtetemo ule ulikuwepo, mkali. Akapumua. Baada ya muda mtetemo ukawa mapigo. Baadaye akasikia kitu kidogo, meno yakisagana polepole, mlio wa sungura aliyeridhika, ingawa yeye wakati ule hakujua maana yake.

Mlango ukapigwa teke.

Walikuwa watatu, Hasheem mbele na spana ya magurudumu, na mafundi wenzake wawili, mmoja ana nondo. Teke la kwanza la Hasheem lilimpata Zubery kwenye kipaji cha uso, kichwa kikagonga ubao wa kitanda. La pili likampasua mdomo.

Misuli ya miguu yake ilikwisha kukaza. Alijua angewamudu, Hasheem alikuwa mfupi, wale wengine walikuwa na woga machoni. Lakini ili asimame ilibidi aachie kile alichokishika, na akiachia, miguu ile ingepiga hewani. Kabla hajaamua, spana ilikuwa imetua begani. Alichoweza ni kujikunja. Alijikunja juu ya kanga kama ngumi.

Walimpiga. Nondo ilimwangukia mgongoni, ubavu mmoja ukalia. Buti zilimkanyaga shingo na masikio. Hasheem sasa alikuwa akiongea, akimtajia kila jeraha la dada yake na kumlipa palepale, hili la jicho, hili la ubavu. Kisha yule mwenye nondo akaona jinsi Zubery alivyofumbata mkono chini ya kifua, akaona kitambaa, naye alijua kama mji mzima unavyojua kwamba mtu huyu hatembei bila kisu.

"Ana kisu," alisema. "Anakitoa kisu huyo."

Basi wakauelekea mkono. Waliupiga ili aachie. Nondo mara ya kwanza, mara ya pili, wakimwamuru atupe, atupe chini. Zubery alisema si kisu, lakini mdomo ulikuwa umejaa damu na meno, na maneno hayakueleweka. Pigo la nne kwenye mkono wa kushoto lilivunja mfupa karibu na kiwiko. Hakuachia. Na hapo, kutoka ndani ya kanga, ukatoka ule ukelele.

Wote watatu waliruka nyuma. Aliyekuwa na nondo aliitupa. Hasheem aliinama, akainua ncha ya kanga kwa spana yake, akaona sikio la kijivu.

"Tulieni," Zubery alisema. Safari hii alisikika. "Msisimame juu yake."

Walisogea kando. Hasheem mwenyewe hakujua kwa nini alitii. Zubery alijiinua taratibu akaegemea kitanda, jicho moja limefumba, damu inamdondoka kidevuni kwenye manyoya ya mnyama. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa. Kwa mkono wa kulia alimrudisha Kibibi kwapani, akamfumbata miguu, akaanza kupumua. Kila pumzi ilimchoma kwenye ubavu uliovunjika, na kila ilipomchoma sungura alishtuka, ikabidi aanze upya. Ilichukua muda mrefu sana. Mmoja wa wenzake Hasheem alitoka nje, hakurudi. Hasheem aliketi kwenye kiti cha cherehani cha dada yake, spana magotini, akatazama mpaka masikio yale yalipolala.

"Shamimu hali kitu," alisema mwishowe. "Tangu juzi. Anauliza kitu kimoja tu, kama umekwisha kumla."

Zubery alilia, na kwa kuwa alikuwa hawezi kujifuta aliacha machozi yachanganyike na damu. Kisha akamfundisha shemeji yake. Atafute boksi, alitoboe matundu, atandike hiyohiyo kanga ya mtoto. Asiweke nyuma ya gari penye kelele. Asimbebe kwa masikio. Alisema yote hayo kwa shida, akatema jino katikati. Hasheem aliitikia kila agizo. Walipomaliza kumfunga Kibibi ndani ya boksi, Zubery alimwomba jambo moja tu, kwamba wakipita kituo cha polisi wamshushe.

Maofisa walimtazama uso wakadhani amekuja kushitaki. Aliwaambia amekuja kueleza alivyouvunja mkono wa mkewe. Waliokuwa wamempiga yeye hakuwataja, na hakuwataja hata baadaye. Kwanza walimpeleka hospitali.

Mahakamani Nasma alikuja na mkono wake kwenye plasta. Hakimu alipomwuliza kama ana la kusema, ukumbi ulitarajia amwombee mumewe, kama wanawake wengi wanavyosukumwa kufanya.

"Simwombei msamaha wala simwombei adhabu," alisema Nasma. "Nataka iandikwe tu kwamba ni kweli. Miaka yote nilikuwa nikiambiwa niseme nimeanguka."

Iliandikwa. Zubery alihukumiwa kifungo, akakitumikia. Kabla hajatoka gerezani, Nasma aliomba talaka, naye akaitoa bila mjadala. Nasma hakurudi Tukuyu. Mkono wake uliunga, ingawa vidole viwili havikurudi kuwa vyepesi kama zamani, na sasa ana cherehani mbili huko Mbeya, moja yake na moja ya msichana anayemfundisha.

Zubery alirudi machinjioni, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeunga kwa kupinda. Hauwezi kushika kamba ya ng'ombe. Maalimu, ambaye amezeeka sana, alimpa kazi ya kuosha utumbo, kazi ya wageni na walevi, na Zubery akaikubali. Wapo mtaani wanaomwona amekuwa mnyonge. Mwaka jana kijana mmoja alimtukana sokoni mbele ya watu, akamsukuma kifuani. Walioona wanasema Zubery alifumba macho, akasimama hivyo, anapumua, kifua kikipanda na kushuka, mpaka kijana akachoka akaondoka. Hasira haikumtoka. Anakaa nayo.

Desemba iliyopita Hasheem alimleta Shamimu. Sasa ana miaka kumi na moja, mrefu, sauti kama ya mama yake. Alikataa kuingia ndani, kwa hiyo walikaa barazani, yeye karibu na ngazi, Hasheem katikati, Zubery sakafuni, mgongo ukutani. Zubery alikuwa amepika wali na nyama mwenyewe. Hakumwuliza mtoto maswali. Shamimu alikula, akasema nyama ina chumvi nyingi, kisha akaganda, kijiko hewani, anamtazama.

Zubery alionja. Akasema ni kweli, imezidi, akamsogezea maji.

Shamimu alimaliza sahani. Alieleza, akimtazama zaidi mjomba wake kuliko baba yake, kwamba Kibibi anachechemea bado lakini anapanda ngazi zote za nyumba ya Mbeya, na kwamba amemng'ata daktari wa mifugo. Alasiri ilipoadhiniwa walisimama kuondoka. Hakumpa baba yake mkono, na baba yake hakuunyosha wake. Alishuka ngazi, akavaa viatu, akamwuliza mjomba kama likizo ya Juni watapita tena njia hii. Hasheem alisema watapita, akipenda. Shamimu akasema ataona.